Neno la siri kwenye kompyuta ya zamani: linafunga nini, halifungi nini

Katibu wa shirika anatoka kunywa chai. Baada ya dakika kumi, samaki wanaanza kuogelea kwenye skrini, na mtu akigusa klavie mashine inaomba neno la siri. Katibu anarudi ametulia. Na kweli, jirani mdadisi hakuweza kuingia. Lakini mwizi wa usiku anayebeba mashine nzima, yeye samaki hawamsumbui.

Kile kilinda-skrini kilitengenezwa kwanza juu ya kulinda kioo. Katika skrini zile nene za zamani, picha moja ikikaa sana ilikuwa inaacha alama isiyotoka. Mambo ya neno la siri yaliongezwa nyuma. Katika Windows 95 na Windows 98 ulinzi huo ulikuwa mdogo sana: neno la siri la kilinda-skrini lilihifadhiwa ndani ya mashine, limefichwa kwa njia moja ileile kwa kompyuta zote, kwa hiyo aliyejua njia hiyo alilisoma mara moja. Na mwingine hakuhitaji hata hilo. Alizima mashine, akaiwasha, na kile kidirisha cha kuingilia alikiondoa kwa kubonyeza Escape. Ilikuwa pazia, si kufuli.

Windows XP ya 2001 ilileta mlango wa kweli kidogo. Ila katika XP ya nyumbani kulikuwa na akaunti ya msimamizi ambayo haionekani siku zote, na mara nyingi haina neno la siri hata moja. Microsoft iliacha kuitengeneza tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Mashine zote mbili bado mutazikuta kwenye biro na kwa watu wanaochapa barua kando ya barabara, maana zilikuja mitumba na zinafanya kazi.

Sasa jambo lenyewe. Anayeuliza neno la siri ni Windows. Kama Windows haikuwashwa, hakuna wa kuuliza. Mtu anaweza kuwasha kompyuta kwa kutumia kle ya USB yenye Linux, ama kufungua visu vichache, kutoa disiki na kuiunganisha kwenye mashine yake. Dosie zote ataziona, hata kama neno lenu la siri lina herufi ishirini. Lile neno la siri linaloulizwa mapema kabisa, kabla ya Windows, halizuii disiki kutolewa. Na kwa kompyuta nyingi za mezani za zamani, fundi akitoa batri ndogo ya ndani linafutika.

Hapa kwetu hiyo si habari ya mafundi peke yao. Kwenye disiki hizo kuna majina ya wanawake waliobakwa, mashahidi, watu walio kambini, na sauti za wale waliozungumza na sisi kwa sharti wasitajwe. Siku ya kukimbia, kompyuta ya mezani inabaki.

Kinachosaidia ni kuficha maandishi yenyewe, yaani kuyageuza yasisomeke bila neno la siri, hata disiki ikiwa mkononi mwa mwingine. BitLocker inafanya hivyo, lakini kwa Windows 7 iko katika Ultimate na Enterprise tu. VeraCrypt ni ya bure. Kwa mashine ya zamani muombe toleo lake la zamani. Inatengeneza kama sanduku ndani ya disiki, na dosie za hatari zinawekwa humo. Sanduku likiachwa wazi wakati mashine inawaka, halilindi kitu, basi lifungwe kazi ikiisha. Na mukisahau neno lake, hakuna fundi atakayewarudishia. Liandikwe kwenye karatasi, karatasi ikae nyumba ingine, si chini ya klavie.

Samaki waacheni, wanafaa kwa jirani. Ila musingoje dakika kumi: kuanzia XP, kitufe cha Windows pamoja na L kinafunga palepale.

Kabla ya kuuza mashine, kufuta dosie hakutoshi. Katika XP, hata formati ndefu inaacha mambo ambayo fundi anaweza kuyarudisha; kuanzia Vista ndiyo inaandika sifuri juu ya disiki nzima. Kama hamna uhakika, toeni disiki, muuze mashine bila yenyewe.