Mswaki na kinywa cha mtoto

Kiswahili kilifika kwetu Maniema katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo. Kilikuja na neno mswaki, lenye asili ya Kiarabu: kijiti kinachotafunwa mpaka ncha inakuwa kama brosi. Mtoto anajifunza kukitumia nyumbani, kwa kuangalia wakubwa.

Wengine wanazani ni urembo tu. Hapana! Noma, ugonjwa unaokula uso wa watoto wenye utapiamlo, unaanza kwenye fizi, zaidi kati ya miaka 2 na 6. Bila matibabu, unaweza kuua hata 90 kati ya 100. Mwaka 2023 OMS iliuhesabu kati ya magonjwa yaliyosahauliwa.

Basi wazazi, mukimusugulisha mtoto meno, muangalie na fizi. Zikivimba na kutoa damu, asukutue na maji ya chumvi, na mumupeleke kwa munganga siku ile ile.