Neno lenye maana ya kichwa

Katika habari za uchaguzi wa Waingereza kuna neno moja fupi lisilokosekana: «poll». Mahali pa kupigia kura huitwa kwa neno hilo, na hesabu ya kura vilevile. Siku hizi hata kuwauliza watu wachache maoni yao, ili kukisia mawazo ya wengi, huitwa hivyo. Je, maana yake ya kwanza ni nini? Ni kichwa tu, hasa utosi wenye nywele. Shakespeare alilitumia hivyo katika tamthilia ya Hamlet.

Kichwa kiliingiaje katika mambo ya kura? Ni kwa sababu anayehesabu watu huhesabu vichwa. Lakini watawala walihesabu vichwa kwa ajili ya fedha kabla ya kuvihesabu kwa ajili ya shauri. Mwaka 1377 Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, ikairudia mwaka 1379, na tena mwishoni mwa 1380: shilingi moja kwa kila mtu aliyepita miaka 15, isipokuwa waombaji. Mzigo huo uliwashinda maskini. Mwezi wa Juni 1381 watu wa Essex na Kent wakainuka, wakaingia London. Kiongozi wao, Wat Tyler, aliuawa mbele ya mfalme Richard II, naye mfalme alikuwa kijana wa miaka 14. Maasi yakazimwa.

Watu wale walihesabiwa ili walipe. Hakuna aliyewauliza neno. Tena sheria ya mwaka 1430 iliwapa haki ya kuchagua wajumbe wa majimbo wale tu waliokuwa na ardhi yao wenyewe yenye pato la shilingi 40 kwa mwaka.

Na hao wachache walichaguaje? Walikusanyika wakainua mikono. Mshindani asiyeridhika alidai vichwa vihesabiwe kimoja kimoja. Ndipo kila mchaguzi alipopanda jukwaani, akataja jina lake na jina la mtu amtakaye, watu wote wakisikia, naye karani akaandika katika kitabu. Vitabu hivyo vilichapwa na kuuzwa. Mwenye shamba alisoma, akajua ni mpangaji yupi aliyempinga, akaweza kumfukuza. Kichwa kilihesabiwa, lakini hakikuwa huru. Sheria ya mwaka 1872 ndiyo iliyoleta karatasi ya siri. Ilitumika mara ya kwanza katika uchaguzi mdogo wa Pontefract, tarehe 15 Agosti mwaka uleule.

Hata hivyo vichwa havikuwa sawa bado. Wanawake waliopita miaka 30 walianza kupata kura mwaka 1918, tena si wote. Wakawa sawa na wanaume mwaka 1928. Na mpaka sheria ya mwaka 1948, wenye shahada za vyuo vikuu na wenye biashara waliweza kuwa na kura mbili.

Huko Marekani mambo yaligeuka vibaya zaidi. Katika majimbo ya kusini kodi ya kichwa ilifanywa ua wa kuzuia watu: asiyelipa hapigi kura. Watu weusi wengi, na weupe maskini pia, wakabaki nje. Katiba ilibadilishwa mwaka 1964 ili kuiondoa kodi hiyo katika uchaguzi wa taifa zima, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ikaikataza katika uchaguzi wa majimbo pia.

Nasi wa Kongo twaielewa habari hii bila kufundishwa. Baba zetu walilipa kodi ya kichwa zaidi ya miaka 40 kabla ya kuulizwa wamtaka nani. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba 1957, katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ndiyo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Nao ulikuwa wa wanaume peke yao.

Basi, neno lile dogo latufundisha jambo moja. Kuhesabu vichwa si haki yenyewe. Ng'ombe nao huhesabiwa kwa vichwa, wala hakuna anayewauliza njia ya kwenda. Haki huanza pale ambapo kichwa kilichohesabiwa kwa kulipa kinahesabiwa pia kwa kusema, kimoja kwa kimoja, bila hofu.