Fedha za kujikimu na hatima ya familia maskini

Kenya ilianza kuwapa walezi wa mayatima fedha taslimu mnamo 2004, wakati ukimwi ulikuwa umewaachia akina nyanya mzigo wa kulea wajukuu. Majaribio yalihusu familia 500 katika Kwale, Garissa na Nairobi. Malipo yalianza kwa Sh500 kwa mwezi, yakafika Sh1,500, na baadaye Sh2,000.

Je, fedha hizo huiondoa familia katika umaskini, au huifariji tu hadi malipo yajayo?

Katika mpango wa mayatima, faida iliyodumu ilionekana zaidi kwa watoto kuliko mifukoni mwa walezi. Vijana wengi zaidi walijiunga na sekondari, na uchunguzi wa 2011 ulibaini kuwa mimba za mapema zilikuwa chache miongoni mwa wasichana wao.

Kaskazini, mpango wa kukabiliana na njaa, HSNP, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ulikumbana na ukame wa 2011. Familia zilizolipwa hazikutajirika, lakini hazikudidimia katika ufukara kama zile ambazo hazikulipwa. Mahali ambapo kiangazi kimoja humaliza mifugo ya miaka mingi, kutoanguka si jambo dogo.

Ushahidi wa karibuni umetoka katika vijiji vya Siaya na Bomet, vinavyofadhiliwa na shirika la GiveDirectly. Baadhi viliahidiwa dola 0.75 hivi kwa siku kwa miaka 12, vingine kwa miaka miwili, na vingine vikapewa takriban dola 500 kwa kila mtu mzima kwa mkupuo. Ripoti ya 2023 ilionyesha kuwa waliopokea kitita walianzisha biashara nyingi kuliko waliolipwa kwa miaka miwili pekee. Walioahidiwa miaka 12 nao hawakubaki nyuma: walichanga fedha katika vyama na kujipatia mtaji. Kiasi cha kila mwezi kilikuwa kile kile; tofauti ilikuwa ahadi.

Hapo ndipo Inua Jamii, mpango wa serikali ambao tangu 2018 umewajumuisha wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, ulipojikwaa. Sh2,000 hazikuongezwa kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga ikipanda, na malipo yamewahi kucheleweshwa kwa miezi kadhaa. Mzee asiyejua fedha zitafika lini hawezi kuchangia chama wala kununua mbuzi. Hukopa dukani, na malipo yakija, humlipa mwenye duka.