Ploti moja, wathamini wawili: kwa nini bei hutofautiana?

MKOPAJI anaposhindwa kulipa benki, aghalabu kinachofuata ni mnada. Kabla ya kufika huko, Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 huitaka benki imwagize mthamini akadirie thamani ya mali kwa mauzo ya lazima, na pia ijitahidi kupata bei bora kadiri iwezekanavyo. Kanuni za Madalali za mwaka wa 1997 nazo hutaka bei ya akiba itokane na uthamini usiozidi miezi 12.

Hapo ndipo vuta nikuvute huanza. Mkopaji hujitafutia mthamini wake, naye huikosoa ripoti ya mwenzake na kutaja bei ya juu zaidi. Wote wawili wamesajiliwa chini ya Sheria ya Wathamini, Sura ya 532. Mmoja hulalamika kwamba amevunjiwa heshima. Wa pili hujibu kwamba benki ndiyo iliyomlipa yule wa kwanza. (Naye amelipwa na nani?)

Mara nyingi tofauti hiyo si ithibati ya udanganyifu. Bei ya soko huria huchukulia kwamba muuzaji ana muda wa kutosha kuitangaza mali yake, wala hashurutishwi na yeyote. Mauzo ya lazima hayana subira hiyo, hivyo thamani yake huwa ya chini hata kama nyumba ni ile ile na siku ni ile ile. Mkaguzi anayezilinganisha bei hizo mbili na kumwita mwenzake mzembe hajakagua chochote.

Viwango vya Kimataifa vya Uthamini vilivyoanza kutumika Januari 31, 2025 hutenganisha kazi mbili. Kuna kukagua utaratibu: je, kanuni zilifuatwa, na takwimu za mauzo ya mali jirani zilitumiwa ipasavyo? Kisha kuna kukagua thamani yenyewe. Anayefanya kazi ya kwanza akiwa ofisini hana msingi wa kutangaza bei mpya ya nyumba ambayo hajaiona.

Kwa mwenye nyumba, jambo hili si la kitaaluma tu. Mahakama Kuu imewahi kueleza kwamba kuleta ripoti ya pili yenye bei kubwa hakutoshi kuuzuia mnada. Sharti kasoro ya ripoti ya kwanza ionyeshwe. Ripoti inayomkejeli mthamini wa kwanza bila kuitaja kasoro hiyo huenda ikamgharimu mkopaji ada, na nyumba pia.