Timu ya Taifa ya Wanawake ya Tanzania chini ya umri wa miaka 17

Timu ya taifa ya mpira wa miguu ya wanawake ya Tanzania chini ya umri wa miaka 17, maarufu kwa jina la Serengeti Girls, ni timu inayoiwakilisha Tanzania katika mashindano ya kimataifa ya wasichana wa umri huo. Inasimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Mafanikio yake makubwa zaidi ni kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la FIFA la wanawake chini ya miaka 17 lililofanyika nchini India mwezi Oktoba 2022. Ilikuwa timu ya kwanza ya taifa ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA.

Jina
Jina la timu linatokana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Timu ya wavulana wa umri huohuo huitwa Serengeti Boys. Kwa upande wa wanawake, timu ya chini ya miaka 20 huitwa Tanzanite na timu ya wakubwa huitwa Twiga Stars.

Wachezaji na umri
Kikosi cha timu hii hakidumu. Katika mashindano ya mwaka 2022, kwa mfano, walioruhusiwa kucheza ni wasichana waliozaliwa tarehe 1 Januari 2005 au baadaye. Mchezaji akivuka umri hana budi kupanda Tanzanite au Twiga Stars, na mwalimu huanza kujenga timu upya. Kwa sababu hiyo matokeo mazuri ya kikosi kimoja si dhamana ya kikosi kinachofuata.

Wachezaji wengi wa umri huu bado ni wanafunzi. Vipaji huonekana katika michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya shule za sekondari (UMISSETA), na pia katika klabu za Ligi Kuu ya Wanawake, kama vile JKT Queens, Simba Queens na Yanga Princess.

Mfumo wa kufuzu
Barani Afrika hakuna fainali za kombe la bara kwa wanawake wa umri huu. Nafasi za Kombe la Dunia hugombewa kwa mtoano: timu mbili hukutana nyumbani na ugenini, na inayofungwa kwa jumla ya mabao hutolewa. Timu inayoteleza katika mechi moja hupata dakika 90 tu za kujirekebisha.

Kombe la COSAFA 2020
Kwa kawaida Tanzania hushiriki mashindano ya CECAFA, yaani ya Afrika Mashariki na Kati. Hata hivyo, mwezi Novemba 2020 ilialikwa katika mashindano ya COSAFA ya wasichana chini ya miaka 17 nchini Afrika Kusini. Ilitwaa ubingwa baada ya kuishinda Zambia kwa mikwaju ya penalti katika fainali.

Kombe la Dunia lililopangwa kufanyika India mwaka huohuo wa 2020 liliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, kisha likafutwa. India ilipewa uenyeji wa mwaka 2022 badala yake.

Safari ya kwenda India
Katika kufuzu kwa mwaka 2022, chini ya kocha Bakari Shime, Tanzania iliitoa Botswana, kisha Burundi. Raundi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Kamerun. Mwezi Mei Tanzania ilishinda ugenini kwa mabao 4–1, na tarehe 5 Juni 2022 ikashinda marudiano 1–0 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Ilifuzu kwa jumla ya mabao 5–1 na kuungana na Nigeria na Moroko kuiwakilisha Afrika.

Kombe la Dunia 2022
Tanzania ilipangwa Kundi D pamoja na Japani, Ufaransa na Kanada. Matokeo yake yalikuwa haya:

- 12 Oktoba, Goa: Japani 4–0 Tanzania
- 15 Oktoba, Goa: Ufaransa 1–2 Tanzania
- 18 Oktoba, Navi Mumbai: Tanzania 1–1 Kanada
- 22 Oktoba, Goa (robo fainali): Kolombia 3–0 Tanzania

Baada ya kipigo cha Japani, Tanzania ilihitaji pointi mapema. Mabao ya Diana Mnally na Christer Bahera, la pili likiwa la penalti, yaliipa ushindi dhidi ya Ufaransa. Katika mechi ya mwisho Kanada ilitangulia kufunga, na Veronica Mapunda akasawazisha kabla ya mapumziko. Sare hiyo pekee isingetosha kama Ufaransa ingeifunga Japani, kwani Ufaransa nayo ingefikisha pointi 4 na kuwa na tofauti bora ya mabao. Lakini Japani ilishinda 2–0.

Msimamo wa mwisho wa kundi ulikuwa Japani pointi 9, Tanzania 4, Kanada 2 na Ufaransa 1. Kolombia, iliyoitoa Tanzania, ilifika fainali na kufungwa na Hispania 1–0.

Baada ya mwaka 2022
Tanzania haikufuzu kwa fainali za mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika. Afrika iliwakilishwa na Nigeria, Zambia na Kenya, iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mashindano yaliongezwa kutoka timu 16 hadi 24 na kuanza kufanyika kila mwaka. Fainali hizo zilifanyika Moroko, na Afrika ilipata nafasi tano, lakini Tanzania haikuwa miongoni mwa waliofuzu.

Rekodi katika Kombe la Dunia
- 2008 hadi 2018 (mashindano 6): haikufika fainali
- 2022, India: robo fainali, mechi 4, ushindi 1, sare 1, kufungwa 2, mabao ya kufunga 3, ya kufungwa 9
- 2024, Jamhuri ya Dominika: haikufuzu
- 2025, Moroko: haikufuzu