Vijana wa mpira walale wapi? Historia ya kitanda cha mgeni katika mji wa Kisangani



Kila mara likizo kubwa inapokaribia, swali moja linarudi kwenye redio. Kochi mmoja anapiga simu kutoka Isangi, mwingine kutoka Banalia au Ubundu: "Nina vijana 18 na wakubwa 4. Tunakuja kucheza Kisangani usiku tatu. Tulale wapi kwa bei ya chini?" Wasikilizaji wanamjibu kwa majina ya hoteli. Leo mimi nataka kumjibu kwa historia, maana katika mji huu kitanda cha mgeni kina historia ndefu, na historia hiyo inawafikia hata wale ambao usiku huu wanalala darasani bila kupenda.

Hoteli za kwanza hazikujengwa kwa ajili yetu

Kisangani ni mji wa wasafiri tangu mwanzo. Masua inayopanda kutoka Kinshasa inasafiri zaidi ya kilomita 1,700 juu ya mto, halafu inasimama hapa, kwa sababu mbele kuna maporomoko ya Wagenia na haiwezi kupita. Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 mpaka Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, na ilikamilika mwaka 1906. Kwa hiyo kila mtu aliyekwenda juu au kushuka chini alilazimika kuteremka hapa na kutafuta mahali pa kulala.

Lakini kila mmoja alilala mahali pake. Stanleyville, jina la mji wetu mpaka 1966, ilikuwa na hoteli kama Pourquoi Pas? na Sabena Guest House kwa wazungu. Mwaka 1951 watu wa sinema walikuja na John Huston kupiga filamu The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu. Hata hao mastaa, walipofika porini, walilala katika kambi iliyojengwa kwa ajili yao mahali panapoitwa Biondo.

Mtu mweusi aliingia katika hoteli hizo kama mpishi, kama boi au kama mfua nguo. Alipokuwa msafiri, alikwenda kulala kwa ndugu katika sité. Asiye na ndugu alitafuta mtu wa kabila lake au wa kanisa lake. Mama mwenye nyumba alitandika mkeka, akaongeza maji kwenye mchuzi, mgeni akala. Hiyo ndiyo hoteli ya kwanza ya wazee wetu, na haikuwa na bei.

Padri, mpira na vitanda vya masomo

Mpira uliongeza shida mpya. Ndugu anaweza kupokea mgeni mmoja au wawili, lakini ni nani atapokea vijana 20 kwa mara moja?

Jibu lilitoka kule ulikotoka mpira wenyewe. Sehemu nyingi za Kongo, mpira wa vijana ulikua mikononi mwa misheni na masomo. Kinshasa watu wanamkumbuka padri Raphaël de la Kethulle, na uwanja mmoja mpaka leo unaitwa Tata Raphaël. Lubumbashi, ekipe ambayo leo ni TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini. Hapa kwetu misheni ya Saint-Gabriel ilifunguliwa na padri Gabriel Grison mwaka 1897, na baada yake parokia na masomo viliongezeka pande zote mbili za mto.

Misheni ilikuwa na vitu vitatu ambavyo ekipe inahitaji: uwanja, jiko kubwa, na vyumba vya wanafunzi wa internat ambavyo wakati wa likizo vilibaki vitupu. Ilikuwa pia na nyumba ya wageni, ile tunayoiita procure, safi na yenye ukimya, ambapo mlango unafungwa mapema. Mwaka 1963 chuo kikuu kilifunguliwa hapa, na vyumba vya wanafunzi vikaongezeka mjini.

Majirani zetu walifuata njia hiyo hiyo. Tanzania, michezo ya wanafunzi ya UMITASHUMTA na UMISSETA inakusanya watoto wa mikoa yote, na wengi wao wanalala katika mabweni ya shule na vyuo vya walimu. Hakuna aibu yoyote kwa mchezaji kulala kwenye kitanda cha mwanafunzi.

Vita viliingia mpaka chumbani

Kuna mambo ya historia ambayo wazee wanayataja kwa sauti ndogo. Mwanzo wa Agosti 1964 Wasimba waliuteka mji. Wazungu wengi waliokamatwa walifungiwa katika hoteli Victoria, na tarehe 24 Novemba, askari wa Ubelgiji waliposhuka kwa parashuti, mateka wale walitolewa barabarani na wengine wakapigwa risasi. Wakongomani waliokufa katika miezi ile ni wengi zaidi, na majina yao hayakuandikwa. Ndivyo hoteli ilivyokuwa jela.

Kisha, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Mamia ya raia walikufa katika siku zile sita. Mimi nilikuwa mtoto. Tulilala chini ya kitanda, si juu yake. Jamaa nyingi zilikimbilia makanisani na kwenye masomo, kwa sababu kuta zake ni nene na kwa sababu padri au mwalimu hamfukuzi mtu.

Hapo ndipo darasa lilipopata kazi ya tatu. Asubuhi ni mahali pa kusomea, wakati wa likizo ni mahali pa kulaza ekipe, na siku ya vita ni mahali pa kukimbilia. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulipowaka upande wa Lubunga, jamaa nyingi zilivuka mto na mitumbwi, na tukaona tena mikeka na masufuria katika vyumba vya masomo.

Usiku nilioona masufuria nje

Nitawaambia jambo langu mwenyewe. Siku moja nilisafiri na ekipe moja ya vijana kuandika habari za mashindano. Wapangaji walituambia kwamba mahali pa kulala pameandaliwa, tena bila malipo. Tulifika jioni na kukuta masomo mawili yenye madarasa safi, yamefagiwa. Vijana walifurahi.

Nilipotoka nje kutafuta choo, niliona mama mmoja chini ya mwembe na watoto watatu. Pembeni yake kulikuwa na masufuria, godoro lililokunjwa na mawe ya moto. Nilimuuliza: "Mama, unangoja nani?" Akanijibu: "Ninangoja ninyi mumalize mashindano, mwanangu."

Walikuwa wametolewa asubuhi ile ile ili sisi tupate nafasi.

Kochi alipopata habari alikaa kimya kwa muda. Kisha akaenda kuongea na mlinzi wa kanisa la karibu. Usiku ule vijana wetu walilala kwenye ukumbi wa kanisa, wamebanana, na yule mama akarudi darasani. Kesho yake tulipigwa mabao mawili kwa bila. Sikuandika habari hiyo wakati ule, na ninaona haya. Niliandika matokeo ya mchezo tu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mtu aliyekimbia moto siye mgeni wa siku mbili, na jembe lake limebaki kwenye shamba asiloweza kurudi. Vijana wa mpira ndio wageni wa siku mbili. Basi wao ndio wenye nguvu ya kutafuta mahali pengine.

Namna ya kuchagua

Kochi wangu wa Isangi, hili ndilo jibu langu.

Kwanza, uliza kabla ya kukubali: mahali hapo pana watu? Ukiambiwa "tutawaondoa", kataa.

Pili, anza na nyumba za wageni za kanisa na internat zilizo tupu. Andika barua mapema, pamoja na ordre de mission na orodha ya majina. Mtu anayepokea barua mwezi mmoja kabla anajibu vizuri kuliko mtu anayeona vijana 22 mlangoni na mabegi.

Tatu, ukienda hotelini, hesabu vizuri. Watu 22, wawili wawili, ni vyumba 11. Kwa usiku 3 utalipa mara 33. Sasa weka na safari. Hoteli ya bei ndogo iliyo mbali na uwanja inaweza kukula. Kama pikipiki moja inabeba wawili, kwenda na kurudi kwa siku 3 ni safari 66. Mara nyingi chumba kilicho karibu na uwanja wa Lumumba, hata kikiwa na bei ya juu kidogo, kinabakiza franka nyingi mfukoni. Omba bei ya kundi, na usilipe bila risiti.

Nne, nenda ukaone usiku. Mchana kila hoteli ina ukimya. Kama kuna nganda ukutani, vijana hawatalala. Na nyumba inayouza chumba kwa saa moja moja si nyumba ya watoto, hata wakikupa bure. Kwa ekipe ya wasichana, lazima mlango ufungwe kwa ndani na mama mlezi alale jirani nao.

Tano, angalia maji, choo, vyandarua na jiko. Malaria ya Tshopo haijali nani ni golikipa. Nyumba inayokuruhusu kupika sufuria yako ya wali na maharagi itaokoa sehemu kubwa ya bajeti.

Na kwa wakubwa wa mpira na wa mji: mashindano yapangwe pamoja na mpango wa mahali pa kulala, tangu siku ya kwanza. Fedha ya vitanda iandikwe kwenye bajeti kama fedha ya refa na ya mpira. Ikikosekana, ekipe zipunguzwe, au michezo ifanyike kwa kanda, ili watoto warudi kwao jioni.

Jamaa mnaolala madarasani, nanyi mna vijana wanaojua kupiga mpira. Mashindano yakifika karibu nanyi, waleteni uwanjani. Mchezaji kutoka Banalia na mtoto aliyekimbia kutoka Lubunga wanaweza kucheza upande mmoja, na jioni kila mmoja arudi mahali pake pa kulala bila kumtoa mwenzake.

Mimi ni mwandishi wenu wa Kisangani. Tuonane kwenye masafa.