Damu ya Wahavasupai

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ewe msomaji, yafaa kila mtaalamu aendaye kuchunguza maradhi ya watu wasio wa kwao aikumbuke methali hii.

Katika jimbo la Arizona, huko Marekani, chini kabisa ya bonde kuu liitwalo Grand Canyon, wakaa Wahavasupai, kabila dogo la wenyeji wa asili wa nchi ile. Kijijini kwao Supai hakuna barabara ya gari. Hata barua hushushwa mgongoni mwa baghala. Ugonjwa wa sukari uliwasumbua mno, na mwaka 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona State walianza kuchukua damu ya watu wapatao 200. Wenyeji waliitoa wakitumaini kujua chanzo cha ugonjwa huo.

Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa kabila hilo alikuwapo chuoni mwanafunzi alipoeleza utafiti wake. Akatambua kwamba damu iliyotumiwa ni ya watu wake, wala habari haikuwa ya sukari. Ikagunduliwa kwamba damu ile ilichunguzwa pia kwa ajili ya maradhi ya akili, ndoa za jamaa kwa jamaa, na safari za mababu kutoka Asia. Lakini kwa Wahavasupai damu ni kitu kitakatifu, na mapokeo yao yasema kwamba asili yao ni bonde lile lile. Wataalamu walijitetea kwamba karatasi zilizotiwa sahihi zilitaja maradhi kwa jumla. Je, sahihi ni ridhaa, ikiwa aliyeitia hakuelewa anachokikubali?

Kabila lilishtaki mwaka 2004. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 dola 700,000, na damu iliyosalia ikarudishwa. Miaka 20 ilikuwa imekwisha kupita.

Majirani zao Wanavajo walikuwa wamejihadhari mapema. Mwaka 1996 waliunda baraza lao wenyewe la kupima kila utafiti wa afya katika nchi yao. Mtafiti hupata kibali kwanza, na maandishi yake hukaguliwa na baraza kabla ya kuchapishwa.

Huenda nawe, msomaji, siku moja ukawa tabibu au mtafiti. Utafiti usiomheshimu mwenyeji humpunja mara mbili: damu yake huenda, na dawa haiji. Basi mwulize kwanza, mweleze kwa lugha aijuayo, kisha urudi umwambie ulichokiona.